Nikon yaja na kiungio kipya: mwenye lenzi Kigwena asiuze kwa hofu

Tarehe 25 Julai mwaka huu wa 2018, siku ambayo kampuni ya Nikon ya Japani ilitimiza miaka 101, ilitoa tangazo fupi lisilo na bei. Lilisema kampuni inatengeneza kamera mpya isiyo na kioo ndani, yenye sensa kubwa inayolingana na filamu ya milimita 35, pamoja na lenzi mpya na kiungio kipya. Likaongeza kwamba itakuwepo adapta ya kuziwezesha lenzi za sasa kutumika kwenye kamera hiyo. Mengine yamewekwa hadi Alhamisi ya tarehe 23 Agosti.

Kiungio ni ile pete ya chuma iliyo mbele ya kamera, pale lenzi inapoingizwa, ikazungushwa kidogo na kujifunga. Kwa asiyeuza kamera hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye kibanda mjini Rumonge aliyefungia faranga zake ndani ya lenzi kumi na mbili zilizotoka Dubai kupitia Kariakoo, ni kama kusikia kwamba noti zinabadilishwa. Sura ya kamera mpya haimkoseshi usingizi. Kinachomsumbua ni hizi za zamani, zitanunuliwa na nani.

Shauri linalopitishwa mdomo kwa mdomo kati ya Kigoma na Rumonge ni jepesi: uza zote kabla ya tarehe 23. Wanaosema hivyo hawakosi hoja, lakini kwa soko la mwambao huu shauri hilo ni sahihi nusu tu, na ile nusu iliyokosewa ndiyo yenye fedha. Cha kuuzwa haraka ni bodi za kamera. Lenzi zilizochaguliwa vizuri zibaki kwenye sanduku. Usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wenyewe bado haujapita.

Inafaa kuanza na mnunuzi wa mwisho, maana biashara ya mpakani mara nyingi huharibika kwa kumtazama mwuzaji wa Dubai na kumsahau mteja wa kijijini. Kigwena iko kando ya barabara inayotoka Bujumbura ikiandama ziwa, ikapita Rumonge na kuelekea Nyanza-Lac. Walio nje ya Burundi wanaijua kwa msitu wake wa hifadhi, ambao barabara hiyo inaukata, na kwa michikichi. Mawese na ndagala ndivyo vinavyolipa harusi za huko, na harusi ndizo zinazomlipa mpiga picha. Katikati ya harusi na harusi anaishi kwa ubatizo, kwa posa, kwa wanafunzi wanaomaliza shule na kwa zile picha ndogo za karangamuntu.

Adui wa mpiga picha huyo ni simu, wala Nikon na Canon hawahusiki. Chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani, CIPA, kilihesabu kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 zilizosafirishwa mwaka 2010. Mwaka jana, 2017, zilikuwa kama milioni 25. Nikon yenyewe ilifunga kiwanda chake cha Wuxi nchini China mwezi Oktoba mwaka jana, na sababu iliyotoa ni kupungua kwa soko la kamera ndogo kulikoletwa na simu. Hilo lililofika Wuxi limefika pia Kigwena. Siku hizi kila mgeni harusini ana simu inayopiga picha nzuri ya kutosha mchana kweupe.

Basi kwa nini bibi harusi bado amlipe mpiga picha? Kwa sababu ya lenzi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa za Nikon, inafanya jambo ambalo simu ya mgeni hailiwezi sawasawa: inanasa uso ndani ya ukumbi wenye taa moja, na inaufuta ule ukuta wenye madoa ulio nyuma ya maharusi. Lenzi ndefu inamtoa bwana harusi katikati ya umati bila mpiga picha kupanda juu ya meza. Mteja hajui jina la lenzi hiyo, anachojua ni kwamba picha yake haifanani na ya binamu yake. Bodi iliyo nyuma ya lenzi hiyo inaweza kuwa D90 ya mwaka 2008 na asiyejua asione tofauti.

Kwa hiyo kwenye mwambao huu anayenunua lenzi ananunua kazi. Anayenunua bodi ananunua kitu ambacho mwakani kitakuwa na mdogo wake.

Wanaosema lenzi za zamani zimekwisha hutoa mfano wa Canon, na mfano huo ni wa kweli. Tangu 1971 Canon iliuza lenzi za FD. Mwaka 1987 ikaleta kamera za EOS na kiungio kipya kabisa, EF, na lenzi zote za FD zikabaki nje ya mlango. Mpiga picha aliyekuwa na sanduku la FD aliamka asubuhi moja akiwa na vyombo vya kamera ambayo haitatengenezwa tena. Wengi walihama kwa hasira, na waliobaki walinunua kila kitu upya. Nikon kwa upande wake haijaacha kiungio chake cha F tangu kilipotoka mwaka 1959, na hadi mwaka 2016 ilikuwa imetengeneza lenzi za Nikkor zaidi ya milioni 100. Sasa watu wanauliza: je, 2018 ya Nikon ni 1987 ya Canon?

Hapana, na sababu yake inaweza kupimwa kwa rula.

Kamera ya kioo ina kioo kinachoinuka na kushuka kila picha inapopigwa, na ndicho kinachotoa ule mlio unaojulikana. Kioo hicho kinahitaji nafasi, hivyo lenzi lazima ikae mbali na sensa. Kwenye kiungio cha Nikon F umbali kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa ni milimita 46.5. Kwenye Canon EF ni milimita 44, na kwenye ile FD ya zamani ulikuwa milimita 42. Kila lenzi hukatwa kwa umbali wake. Ikiwekwa karibu zaidi au mbali zaidi, picha haikai pale inapotakiwa.

Hapo ndipo FD ilipokufa. Lenzi iliyokatwa kwa milimita 42 ilitakiwa ikae kwenye kamera yenye milimita 44, yaani mbali zaidi ya mahali pake hata kabla ya kuwekwa pete yoyote katikati. Ili ione vitu vya mbali ilihitaji adapta yenye kioo cha ziada, na kioo cha ziada cha bei rahisi huharibu picha.

Kamera isiyo na kioo inageuza hesabu. Nafasi ya kile kioo haina kazi tena, kwa hiyo lenzi husogezwa karibu na sensa. Sony, ambayo tangu 2013 ndiyo inayoongoza katika kamera za aina hii zenye sensa kubwa, inatumia umbali wa milimita 18 katika kiungio chake cha E. Kwa kamera yenye umbali mfupi namna hiyo, lenzi ya milimita 46.5 haina shida: unaweka bomba tupu katikati, lisilo na kioo chochote, la kujaza tofauti. Ndiyo maana Nikon inaweza kuahidi adapta kabla hata ya kuonyesha kamera. Na ndiyo maana zile FD zilizotupwa mwaka 1987 zimefufuka miaka hii: wenye Sony wanazitafuta kwa sababu bomba la bei ndogo linatosha kuzifunga. Waliozihifadhi kwenye kabati miaka thelathini wameziuza kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

Lakini njia hiyo ni ya upande mmoja. Lenzi iliyokatwa kwa umbali mfupi haiwezi kurudi kwenye kamera ya kioo; ili ifanye kazi ingebidi izame ndani ya kamera, pale pale kioo kinapopita. Mfanyabiashara alikumbuke hilo kuliko jambo jingine lolote litakalosemwa mwezi huu. Lenzi ya zamani itakuwa na wateja wawili, mwenye kamera ya zamani na mwenye kamera mpya aliyenunua adapta. Lenzi mpya itakuwa na mteja mmoja tu, naye bado hajafika Rumonge. Anayetaka kuwa wa kwanza kuleta lenzi mpya sokoni huko atakuwa wa kwanza pia kukaa nazo.

Mwaka 2011 Nikon hiyo hiyo ilileta kamera ndogo zisizo na kioo zilizoitwa Nikon 1, zenye kiungio chao na lenzi zao. Mwezi uliopita ilithibitishwa kwamba hazitengenezwi tena. Miaka saba! Waliowahi kujaza rafu kwa lenzi za Nikon 1 wana vitu vizuri, vipya, vinavyong'aa, na hakuna kamera ya kesho itakayovipokea. Kampuni kubwa inaweza kuzindua kiungio kwa sherehe na kukizika kimya kimya. Kiungio kipya hustahili kupewa muda kabla ya kupewa mtaji.

Si kila lenzi ya F, hata hivyo, inafaa kubaki sandukuni. Ahadi ya Nikon ya tangu 1959 ina nyufa zake, na wafanyabiashara wa mwambao wanazijua hata kama hawajawahi kuzisoma popote, kwa sababu wamerudishiwa bidhaa. Lenzi za AF na AF-D hazina mota yao wenyewe. Zinaendeshwa na mota iliyo ndani ya kamera kwa bisibisi ndogo inayochomoza kwenye pete. D90 ina mota hiyo. Kamera za ngazi ya chini, zile za D3000 na D5000 na ndugu zao wote, hazina. Mteja anayefunga AF-D kwenye D3100 anaona lenzi imekaa vizuri, kamera inawaka, picha inatoka, lakini fokasi haijivuti. Anarudi na kusema ameuziwa mbovu. Si mbovu, ila ugomvi ni ule ule. Upande mwingine, lenzi mpya za AF-P zilizoanza mwaka 2016 haziwezi kutumika ipasavyo kwenye kamera kama D90 na D3000. Pete ni moja, mambo ni mawili.

Hivyo mwenye sanduku alipange upya kabla ya tarehe 23. Lenzi za AF-S, zenye mota ndani yake, ndizo zenye matumaini makubwa zaidi ya kufanya kazi kamili kupitia adapta, maana zinahitaji umeme na mawasiliano tu, na hivyo ni rahisi kupitisha kwenye bomba. Lenzi za AF-D zinahitaji bisibisi, na bisibisi inahitaji mota mahali fulani. Tangazo la Julai halikutaja ni lenzi zipi zitabaki na fokasi ya kujiendesha. Kampuni inayotaka adapta nyepesi na ya bei ya wastani ina kila sababu ya kuiacha mota nje. Anayetaka kupunguza mzigo aanze na AF-D, na awauzie wenye D90, D7000 na kamera nyingine zenye mota, ambao ni wengi tu kati ya Makamba na Bujumbura. Lenzi za Sigma na Tamron nazo zitazamwe kwa jicho la tahadhari. Watengenezaji hao hujifunza lugha ya Nikon kwa kuichungulia, na mara nyingi Nikon ilipotoa kamera mpya baadhi ya lenzi zao zilihitaji kurekebishwa kiwandani. Hakuna kiwanda Rumonge.

Kuhusu bodi, hapo wenye hofu wana haki. Kamera mpya ikipokelewa vizuri Ulaya na Marekani, wapiga picha wa huko watauza D610, D750 na D7100 zao ili kulipia mpya. Kamera hizo hazikai huko. Zitaingia Dubai kwa makontena na kwa mabegi, kisha Kariakoo, kisha zitapanda garimoshi au basi hadi Kigoma. Hazitafika wiki ijayo, huenda ni miezi, huenda ni mwaka mzima, ila bei ya bodi itaanza kulegea kabla mzigo wenyewe haujaonekana, kwa sababu mwuzaji wa Dubai husoma habari zile zile. Mwenye bodi tano dukani leo ana kitu kinachoyeyuka. Apunguze faida, auze, abaki na moja ya maonyesho.

Je, lenzi hazitafurika pia? Zitafurika baadhi. Mzungu anayehama kwenda kiungio kipya atauza na lenzi zake, mapema au baadaye. Lakini adapta itamchelewesha: akiwa na lenzi nzuri za AF-S zinazofanya kazi kwenye kamera mpya, hana haraka ya kuziuza, na lenzi mpya zitatoka chache chache kama ilivyo kawaida ya mfumo unaoanza. Bodi yake ya zamani haina la kungojea. Kwa hiyo bodi zitashuka kwanza na kwa kasi, lenzi zitafuata polepole. Kati ya mashuko hayo mawili ndipo faida ilipo. Na bei za bodi zikishuka, kijana wa Kigwena aliyekuwa akipiga harusi kwa simu ataweza kununua kamera ya kwanza. Akiwa na kamera atahitaji lenzi. Ataitafuta kwa nani?

Mtu anaweza kusema Kigwena nako kutahamia kamera zisizo na kioo, tena haraka, kama kulivyoruka simu za waya. Huenda siku moja. Lakini kamera isiyo na kioo inawasha sensa na skrini muda wote mpiga picha anapotazama, na betri inalipa gharama hiyo. D850 ya Nikon, iliyotangazwa Agosti mwaka jana, inahesabiwa picha 1,840 kwa chaji moja kwa kipimo cha CIPA. Sony A7 ya kwanza ilihesabiwa 340. A7 III iliyotangazwa Februari mwaka huu imepanda zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo tatizo linapungua, lakini bei yake ilianza na dola 2,000 bila lenzi. Harusi ya milimani juu ya Kigwena huanza asubuhi na kuisha usiku, na umeme si jambo la kutegemea. Mpiga picha mwenye kamera ya kioo huenda na betri mbili na kurudi na moja na nusu. Hatabadilisha hilo kwa sababu ya tangazo la Tokyo.

Lipo jambo jingine ambalo washauri wa mbali hawalioni. Burundi imekuwa na uhaba wa dola kwa miaka mitatu sasa, na mfanyabiashara wa Rumonge ameshazoea kwamba faranga iliyolala hupungua nguvu. Wengi huweka akiba katika bidhaa: mafuta ya mawese kwenye mitungi, vitenge, simenti, simu. Lenzi imeingia katika orodha hiyo kwa sababu ni ndogo, inapendwa Kigoma na Bujumbura kwa usawa, na hata anayevuka kwa mashua kutoka Baraka upande wa Kongo anaijua bei yake. Kumwambia mtu huyo auze lenzi zote na kukaa na fedha mkononi ni kumwambia ahame kutoka kwenye mtumbwi unaovuja kidogo kwenda kwenye unaovuja sana. Anayeuza bodi zake wiki hii naye anapaswa kujua atanunua nini na fedha hizo kesho yake.

Ila lenzi si dhahabu. Mwambao wa Tanganyika una joto na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi au kwenye kabati la giza huota kuvu ndani ya vioo. Huanza kama nyuzi nyembamba za buibui ukingoni, zinazoonekana tu ukiielekeza lenzi kwenye tochi. Kuvu ikishakula mpako wa kioo, kusafisha hakurudishi kilichokuwepo. Wako watu ambao wameweka lenzi miaka miwili wakingoja bei, bei ikaja, kuvu ikawa imetangulia. Anayetaka kuzihifadhi aziweke kwenye chombo cha plastiki kinachofungwa sawasawa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na simu, avikaushe au avibadilishe mara kwa mara, na azitoe lenzi zipate mwanga. Ngozi na kitambaa viwekwe mbali. Anayenunua Kariakoo aende na tochi, na asikubali kuambiwa ni vumbi.

Mpakani nako kuna la kusema, maana kila mabadiliko ya bidhaa huzaa mabishano mapya forodhani. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wameuzoea ule utaratibu wa cheti rahisi cha uasilia, unaowawezesha kuvusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mchele wa Tanzania unaingia humo, lenzi ya Nikon haiingii, hata kama ilinunuliwa Dar es Salaam kwa risiti halali na kukaa Kigoma mwaka mzima. Risiti inathibitisha bei na haithibitishi asili. Anayefika Mugina akitokea Manyovu akidhani begi lake la lenzi litapita kwa cheti rahisi anajiandalia siku ndefu, na ushuru ukishakadiriwa, TVA ya Burundi ya asilimia 18 inahesabiwa juu yake.

Ugumu utakuwa kwenye makadirio. Lenzi iliyotumika miaka minane na lenzi mpya yenye jina linalofanana vinaweza kuonekana sawa kwa afisa ambaye hajawahi kushika kamera, na kiungio kipya kikiingia, majina yatazidi kufanana. Afisa akiangalia bei ya mpya kwenye simu na kuiweka kwenye ya zamani, faida ya safari nzima inaishia kwenye meza yake. Kwa upande wa mfanyabiashara, dawa ni karatasi: risiti inayotenganisha bodi na lenzi, inayoandika jina kamili la kila lenzi na namba yake, na inayosema wazi kwamba ni iliyotumika. Kwa upande wa Jumuiya, mamlaka za mapato za nchi wanachama zinapaswa kukubaliana mapema juu ya namna ya kukadiria vifaa vya elektroniki vilivyotumika. Muungano wa forodha unaotoza lenzi ile ile bei moja Kabanga na nyingine Manyovu haujawa muungano kwa mwenye begi.

Kwa wiki hizi mbili zilizobaki, wapo wauzaji wa Dubai na Kariakoo watakaotoa ofa ya kulipia kabla: weka amana sasa, upate kamera mpya ya kwanza kufika. Ofa hiyo ikataliwe. Bei haijatajwa, tarehe ya kuuzwa haijatajwa, na mwenye kuchukua amana leo hana bidhaa yoyote ya kumpa mtu. Watakuja pia wanaotembea vibandani wakinunua lenzi kwa bei ya kutupa, wakisema zimekufa. Waulizwe kwa nini wananunua maiti.

Na tarehe 23 ikifika, habari zitajaa idadi ya pikseli, kasi ya kupiga na ubora wa video. Mwenye sanduku la lenzi Kigwena anaweza kuruka hayo yote na kutafuta mistari michache inayohusu adapta: kama ina mota ya kuendesha AF-D au haina, kama itauzwa pamoja na kamera au peke yake, na ni lenzi zipi zimeorodheshwa kwamba fokasi yake itajivuta. Akishaisoma orodha hiyo, ailinganishe na majina yaliyoandikwa kwenye lenzi zake moja moja, kabla hajapokea simu ya mtu yeyote kutoka Kariakoo.